Karungu: Bandari ya wakoloni iliyofungua Nyanza Kusini kisha ikasahaulika

KABLA ya Homa Bay kuwa mji, na kabla ya Kisii kuwa makao ya serikali, palikuwapo Karungu. Ghuba hiyo ya Ziwa Victoria, ambayo leo imo katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, ndiyo iliyochaguliwa na Waingereza mwaka 1903 kuwa kituo cha utawala wao upande wa kusini wa nchi waliyoiita Kavirondo. Kupitia hapo waliingia askari, makarani, wenye maduka na wakusanya kodi, na kupitia hapo walianza kutoka vijana waliokwenda kutafuta fedha ya kulipia kodi hiyo.

Kituo hicho hakikudumu. Mwaka 1907 Waingereza walifungua kituo kipya Kisii, huko milimani kwenye hewa baridi, na Karungu ikaanza kupungukiwa. Hata hivyo, miaka hiyo michache ilitosha kuanzisha maisha ya namna mpya katika pwani yote inayolizunguka Bonde la Lambwe, kutoka Muhuru hadi Kendu Bay. Ajabu ya historia hiyo ni kwamba wakati bandari zilipokuwa zikipata wakazi wapya, nchi iliyo nyuma yake ilikuwa ikipoteza wake.

Reli ilivyozaa bandari

Bandari za kikoloni katika Afrika Mashariki hazikuanza kwa sababu ya samaki wala kwa sababu ya wenyeji wake. Zilianza kwa sababu ya njia ya kwenda bara. Wafaransa walipoijenga Djibouti kuanzia mwaka 1888, macho yao yalikuwa kwenye biashara ya Ethiopia, na reli yao ilipofika Addis Ababa mwaka 1917 mji ule wa jangwani ulipata uhai wake. Waingereza nao waliitaka Uganda. Reli yao iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa Ziwa Victoria Desemba 1901, katika mahali walipopaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston, mmoja wa wasimamizi wa ujenzi. Wenyeji hawakulijali jina hilo. Kwao palikuwa Kisumu, jina linalohusishwa na desturi ya Wajaluo ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana wakati wa njaa, na ndilo lililoshinda.

Reli hiyo ilileta kutoka India vibarua na mafundi wapatao 32,000. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini, wengi wa waliosalia walirudi kwao, na wapatao 6,700 walibaki katika nchi hii. Baadhi ya waliobaki, pamoja na jamaa zao waliokuja baadaye kwa hiari yao wenyewe, ndio waliokuja kufungua maduka katika vijibandari vya Nyanza.

Meli ilitangulia treni. Meli William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, ikavunjwa vipande, ikaletwa Mombasa na kubebwa hadi ziwani, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1900. Zilifuata Winifred na Sybil, kisha nyingine kubwa zaidi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunganisha Kisumu na Entebbe, lakini meli inayozunguka ziwa huhitaji vituo vya njiani, na utawala unaotaka kufika kwa watu wasiofikiwa na barabara huhitaji mahali pa kushusha askari. Hapo ndipo Karungu ilipopata nafasi yake.

Kwa nini Karungu

Ukiitazama ramani ya leo utaona mahali hapa pamejitenga. Mwaka 1903 hapakuwa pembeni hata kidogo. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani, uliokubaliwa mwaka 1890, ulipita ziwani kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, si mbali na Karungu. Aliyekaa hapo aliweza kuutazama mpaka, kuwatazama Wakuria na Wajaluo wa Kadem na Muhuru, na kuwa na njia ya kupanda kwa Abagusii, ambao walikuwa hawajakubali kutawaliwa. Tena meli iliweza kufika bila kuingia ndani ya Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Ghuba ya Winam.

Nchi yenyewe haikuwa tupu wala haikuwa bila utaratibu. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila udongo wala saruji yapata miaka 500 iliyopita, zinaonyesha kuwa watu waliishi huko kwa wingi, wakafuga ng'ombe na kujilinda. Pwani na visiwa vya Rusinga na Mfangano vilikaliwa na Wasuba, ambao mababu zao wengi walivuka kutoka upande wa Uganda. Juu ya bonde, upande wa Kanyamwa, alitawala Gor wuod Ogada, mganga mashuhuri aliyesifika kwa jina la Gor Mahia kwa sababu ya uwezo wake wa kujigeuza maumbo. Simulizi za kwao zinasema aliweza kuwa mzee kikongwe asubuhi na mwanamwali jioni. Waingereza walimkuta akiwa na sauti kubwa kuliko yao, na ilibidi waongee naye. Klabu ya soka iliyoundwa mwaka 1968 ndiyo iliyolipeleka jina lake mbali zaidi ya mipaka ya Kanyamwa.

Watu wa bandarini

Jamii iliyokua kuzunguka bandari hizo ilikuwa ndogo, lakini kila aliyekuwamo alijua ngazi yake. Juu kabisa alikuwa ofisa Mzungu, mara nyingi kijana asiyejua lugha ya mahali. Chini yake walikuwa askari, wengi wao wakiwa wametoka mbali: Wanubi, Wasudani na watu wa pwani. Kisha makarani na wakalimani, halafu wenye maduka kutoka Bara Hindi. Chini kabisa walikuwa wapagazi na wapiga makasia, ambao ndio waliokuwa wenyewe wa nchi.

Kiswahili kiliingia kwa mlango huo. Kilikuwa lugha ya askari, ya mahakama ndogo ya ofisa na ya mizani ya dukani, na kwa sababu hiyo mwenyeji alikisikia kwanza kama lugha ya amri na bei. Mavazi nayo yakawa alama. Katika Kijaluo nguo ni nanga, na mtu aliyevaa kanzu au shuka la merikani alitofautishwa na wenzake kwa jicho tu, hata kabla hajafungua kinywa. Kendu Bay, iliyokuwa bandari ya karibu zaidi na Kisumu, ilipata jamii ya Waislamu wenye msikiti wao, yakiwamo maduka ya Wahindi yaliyopangana karibu na maji. Hadi leo mji huo una sura ya pwani ambayo mgeni hatarajii kuikuta ndani ya nchi ya Wajaluo.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kuelezeka. Dukani kulikuwa na nguo za merikani, shanga, waya wa shaba, chumvi na majembe ya chuma. Kutoka kwa wenyeji zilitoka ngozi, samli, nafaka, na baadaye ufuta na karanga. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo hilo kwa miaka kumi kuanzia 1907, aligawa mbegu na kuhimiza kilimo cha kuuza, naye hakuficha kuwa aliwahesabu Wahindi wenye maduka kuwa mkono wake wa kulia. Mfanyabiashara mkubwa wa zama hizo, Allidina Visram, alikuwa na matawi yaliyotapakaa kando ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1916. Bila mtu wa namna hiyo kununua ufuta, serikali isingepata rupia za kukusanya.

Na rupia ndizo zilizotakiwa. Kodi ya nyumba ilianza kwa kiwango kidogo, ikilipika hata kwa mbuzi au kwa kazi, kisha ikapanda hadi rupia 3. Ilitozwa kwa kila nyumba, si kwa kila mtu. Kwa hiyo mzee mwenye wake wanne, aliyehesabiwa tajiri katika mila, alijikuta ndiye mdaiwa mkubwa kuliko wote. Wana ndio waliotumwa kutafuta fedha. Walipanda meli au walitembea kwa miguu hadi Kisumu, na kutoka huko wakatawanyika kwenye reli na mashamba ya Wazungu. Bandari iliyojengwa kwa ajili ya kuingiza utawala ikawa mlango wa kutokea vibarua.

Wamisionari walifuata njia hiyo hiyo ya maji. Novemba 1906 Arthur Carscallen, raia wa Kanada wa kanisa la Waadventista wa Sabato, alifika Gendia karibu na Kendu Bay akiwa na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Inafaa jina la Nyambo likumbukwe, kwani simulizi nyingi humtaja Mzungu peke yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kanisa hilo lilikuwa limefungua vituo Rusinga, Kanyadoto na Karungu, na Gendia ikawa na mtambo wa kuchapa vitabu. Vitabu hivyo vilichapwa kwa Kijaluo. Kwa Wasuba wa visiwani na Gwassi, ambao tayari walikuwa wakioana na kufanya biashara na Wajaluo, shule na kanisa viliongeza sababu nyingine ya kuiacha lugha yao.

Malale

Yote haya yalitokea katikati ya maafa. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeua ng'ombe wengi kote Afrika Mashariki. Mahali pasipo na ng'ombe wa kula majani wala watu wa kulima, vichaka hurudi, na vichaka vikirudi mbung'o hurudi navyo. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Uganda, walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale, na muda mfupi baadaye ugonjwa ulikuwa umeifikia pwani ya Kavirondo. Upande wa Uganda peke yake inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kuwa mbung'o ndiye anayeusambaza.

Mbung'o wa awamu hiyo ya kwanza aliishi ukingoni mwa maji, kwenye miti na matete, yaani mahali pale pale ambapo mtumbwi huegeshwa, maji huchotwa na nyavu huanikwa. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wavuvi, wapiga makasia na wanawake wachota maji. Serikali ilifyeka vichaka kwenye sehemu za kutua vyombo ili meli na maofisa wapite salama. Kwa maili nyingi kati ya sehemu hizo, hata hivyo, pwani ilibaki kama ilivyokuwa, na watu waliobaki hai wakaanza kupanda juu, mbali na ziwa. Gwassi, Kaksingri na mabonde ya nyuma yake yakapoteza vijiji.

Mwanajiolojia Mwingereza Felix Oswald alipofika Karungu mwaka 1911, hakufuata watu bali mifupa. Miaka miwili kabla yake ofisa wa wilaya, D. B. Pigott, aliokota hapo mabaki ya wanyama wa kale, miongoni mwao mnyama wa jamii ya tembo aliyepewa jina la Hobley, ofisa mwingine wa Kavirondo. Pigott mwenyewe aliuawa na mamba ziwani. Oswald alichapisha kitabu cha safari yake mwaka 1915, na katika jina lake aliiita nchi hiyo kuwa ya malale na kujieleza kuwa alikuwa huko peke yake. Alikuwa na wapagazi na wachimbaji, bila shaka. Lakini jina hilo linaonyesha jinsi Karungu ilivyokuwa imebadilika machoni pa Wazungu kwa miaka minane tu, kutoka mlango wa wilaya hadi mahali pa kuogopwa.

Septemba 1914

Vita vilirudisha Karungu katika habari kwa wiki moja. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuuteka mji wa Kisii, ilhali merikebu yao ndogo yenye silaha, Muansa, ikaikamata ghuba ya Karungu. Winifred ilipokaribia ilipigwa mizinga ikarudi nyuma. Tarehe 12 mwezi huo palipiganwa karibu na Kisii, na pande zote mbili zikapata hasara kubwa. Wajerumani waliondoka, na siku chache baadaye Winifred ilirudi Karungu ikiwa na chombo kingine, Kavirondo, na kuitwaa tena.

Kwa wenyeji jambo kubwa halikuwa nani alishinda. Waliwaona Wazungu wakikimbia. Katika siku zile ambazo Kisii haikuwa na serikali, maduka, ofisi na vituo vya misheni viliporwa, na adhabu ya Waingereza waliporudi ilikuwa ng'ombe na moto. Wakati huo huo imani ya Mumbo, iliyoanzia Alego mwaka 1913 kwa Onyango Dunde, ilikuwa ikisambaa kusini. Onyango alisema alimezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, kisha akatapikwa na kupewa ujumbe: Wazungu wataondoka, na wanaomwamini Mumbo watapata neema bila kutoka jasho. Haikuwa bahati tu kwamba sauti hiyo ilidaiwa kutoka majini. Meli, kodi, dini ya kigeni na ugonjwa vyote vilikuwa vimekuja kwa njia ya ziwa. Serikali iliwahamishia viongozi wa Mumbo Lamu, katika bandari nyingine, mbali na kwao.

Homa Bay yachukua nafasi

Barabara za kupanda Kisii kutoka Kendu Bay na Homa Bay zilikuwa na faida ambayo Karungu haikuwa nayo: zilianzia ndani ya ghuba, karibu na Kisumu na reli. Mizigo ikafuata njia fupi. Homa Bay, chini ya kilima cha Asego, ilipata gati, soko na maduka, na baadaye, Kisii ilipotengwa na Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawa makao makuu ya wilaya.

Mabadiliko mengine yalitokea majini bila kelele. Mwaka 1905 Mnorwei aliyeitwa Aarup alileta katika Ghuba ya Kavirondo nyavu za kitani, na wavuvi waliozoea mitego ya matete na ndoana wakaona jinsi zinavyokamata ngege. Treni ilikuwa tayari Kisumu kusafirisha samaki. Katika miaka ya 1920 ngege walikuwa wamepungua kiasi cha serikali kumtuma mtaalamu, Michael Graham, kulichunguza ziwa lote mwaka 1927 na 1928. Wavuvi wa ghuba walilazimika kwenda mbali zaidi na kununua nyavu nyingi zaidi kwa samaki wale wale.

Kuhusu nani akae wapi, mfano ulitolewa na Kisumu. Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa mwaka 1913 kuchunguza usafi na tauni katika miji ya nchi hii, alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watenganishwe kwa makazi. Mwaka 1923 serikali ya London iliiacha sera hiyo kwenye maandishi, lakini viwanja vilikuwa vimekwisha gawanywa. Katika bandari ndogo mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa kipimo kidogo: ofisa juu kilimani penye upepo, Mhindi kwenye mstari wa maduka, na Mwafrika aliyewafanyia kazi wote wawili alitarajiwa kurudi kijijini jioni. Mwaka 1931 reli ya moja kwa moja hadi Kampala ilipokamilika, shehena ya Uganda iliikwepa Kisumu, na meli za ziwani zikapoteza sehemu kubwa ya kazi iliyozileta.

Bonde nalo halikujaa tena kama zamani. Mbung'o wa Lambwe, aina nyingine inayopenda vichaka vya bara badala ya ukingo wa maji, alileta malale ya namna kali zaidi, na milipuko iliendelea kwa miaka mingi baada ya uhuru. Mpango wa kufyeka vichaka na kuwarudisha watu ulifanywa katika miaka ya 1950. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ikatengwa kuwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1981, baada ya mlipuko mwingine, ndege zilinyunyiza dawa juu ya vichaka. Na mwaka 1983 hifadhi hiyo ikatangazwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 120. Ndani yake wamo korongo, swala wakubwa ambao nchini Kenya hawapatikani tena mahali pengine. Waliponea humo kwa sababu mbung'o aliwazuia wafugaji na ng'ombe wao wasiingie.

Karungu yenyewe ni mwalo wa samaki pamoja na soko la Sori. Asubuhi mashua hushusha omena na mbuta mahali ambapo zamani zilitia nanga meli za serikali, na vilima vya nyuma vingali vikitoa mifupa ya wanyama kila mvua kubwa inapomomonyoa udongo.